Kufunga lenzi ya zamani kwenye kamera ya kisasa: mwongozo kamili, kuanzia kipimo hadi picha

Lenzi ya mwaka 1970 haina betri, haina mota, haina programu ya kusasisha. Ni vioo, pete mbili za kuzungusha na mwili wa chuma. Ndiyo maana bado inapiga picha leo, na ndiyo maana unaweza kuihamishia kwenye kamera ambayo haikuwapo ilipotengenezwa. Kinachotakiwa katikati ni adapta, yaani pete ya chuma iliyochongwa kwa kipimo sahihi.

Nasisitiza kipimo kwa sababu adapta yangu ya kwanza niliinunua kwa kutazama picha tu. Ilikaa vizuri, ikafunga vizuri, na kwa wiki mbili nikaamini nimeuziwa lenzi mbovu, maana kila kilichokuwa mbali kilitoka kimefifia. Lenzi ilikuwa nzima kabisa. Tatizo lilikuwa milimita moja.

Katika mwongozo huu, pete ya chuma iliyo mbele ya kamera, pale lenzi inapokalia, nitaiita mdomo wa kamera. Sehemu ya nyuma ya lenzi inayoingia kwenye mdomo huo nitaiita kitako cha lenzi.

Hatua ya kwanza: jua kina kabla ya kutoa pesa

Kila kamera ina umbali wake maalumu kati ya uso wa mdomo na kihisi kilicho ndani, yaani bamba linalonasa picha. Huo ndio kina. Lenzi nayo hutengenezwa kwa ajili ya kina kimoja: ukiizungusha hadi alama ya ∞ (umbali usio na mwisho), taswira ya mlima wa mbali inaangukia kwenye umbali huo huo, si mbele yake wala nyuma. Lenzi ikikaa mbali na kihisi kuliko inavyotakiwa, mlima hautakolea, yaani hautaonekana mkali, hata ufanye nini. Utapata vitu vya karibu tu. Ikikaa karibu kuliko inavyotakiwa, pete ya fokasi itaipita ∞ kidogo, na hilo linavumilika.

Kwa hiyo lenzi yenye kina kirefu huweza kwenda kwenye kamera yenye kina kifupi, na adapta hujaza tofauti. Kinyume chake hakiwezekani kwa pete tupu, kwa sababu hakuna chuma chenye unene chini ya sifuri.

Vina vya lenzi za zamani unazoweza kukutana nazo, kwa jina la kitako na kwa milimita:

- Leica M: 27.8
- M39 ya Leica: 28.8
- Canon FD: 42
- Minolta MC na MD: 43.5
- M42: 45.46
- Pentax K: 45.46
- Contax/Yashica: 45.5
- Olympus OM: 46
- Nikon F: 46.5

Na vya kamera za leo, kwa jina la mdomo:

- Nikon Z: 16
- Fujifilm X: 17.7
- Sony E: 18
- Micro Four Thirds: 19.25
- Canon RF: 20
- L ya Leica, Panasonic na Sigma: 20
- Canon EF: 44

Sasa toa. Lenzi ya M42 kwenye Sony E: 45.46 kutoa 18 ni 27.46, na huo ndio unene wa adapta. Lenzi hiyo hiyo kwenye Canon EF: 1.46 tu, pete nyembamba lakini inawezekana. Minolta MD kwenye Canon EF: umepungukiwa nusu milimita, basi achana nayo. Ndiyo maana kamera zisizo na kioo cha kupinduka (mirrorless) zimewafungulia njia wapenzi wa lenzi za zamani. Kina chake ni kifupi mno kiasi kwamba karibu kila lenzi ya kamera ya filamu inaingia na nafasi inabaki.

Kosa langu lilikuwa M42 kwenye Nikon F. Kamera hiyo ina kina cha 46.5, lenzi inataka 45.46, na hapo lenzi imeshasogezwa mbele milimita 1.04 hata kabla hujahesabu unene wowote. Madhara yake unaweza kuyapima kwa hesabu nyepesi: chukua urefu wa fokasi (namba ya milimita iliyochongwa kwenye lenzi), uzidishe kwa wenyewe, kisha gawa kwa kosa. Kwa lenzi ya milimita 50, 2500 gawa kwa 1.04 ni kama milimita 2400. Maana yake kitu chochote kilicho mbele zaidi ya mita 2.4 hakitakolea. Kwa lenzi ya milimita 28 mpaka wako ni sentimita 75. Kwa ya milimita 135 unafika kama mita 17 na nusu. Hesabu hii iweke kichwani, tutaihitaji tena wakati wa kurekebisha adapta.

Wauzaji watakuonyesha adapta yenye kioo kidogo katikati kinachorudisha ∞. Ushauri wangu ni kuziacha zile za bei ya chini. Umetafuta lenzi kwa ajili ya vioo vyake, halafu unapachika nyuma yake kioo hafifu kinachofifisha kingo za picha. Kama shabaha yako ni picha za watu kwa karibu, adapta tupu isiyofika ∞ itakutosha.

Kuna aina nyingine ya adapta yenye vioo, na hiyo ni habari tofauti kabisa. Ni ile inayokusanya taswira kubwa ya lenzi ya filamu na kuibana ienee kwenye kihisi kidogo. Metabones walitoa yao ya kwanza mwaka 2013, ikipunguza urefu wa fokasi kwa 0.71 na kuongeza mwanga kwa stopu moja, yaani mara mbili. Lenzi ya milimita 50 f/1.4 inakuwa kama ya 35 f/1 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kupitishia mwanga ni pana). Kwa mwenye kamera ya APS-C, yenye kihisi kidogo kuliko fremu ya filamu, hiyo ni faida halisi, mradi inunuliwe iliyotengenezwa vizuri.

Hatua ya pili: itambue lenzi yako kwa uhakika

Lenzi za beyoneti, zinazofungwa kwa kuingiza na kuzungusha kidogo, hazisumbui sana, kwa kuwa kitako cha aina moja kwa kawaida hakiingii kwenye mdomo wa aina nyingine. Tabu iko kwenye zile za hesi, zinazozungushwa kama skrubu, kwa sababu macho hudanganyika.

M42 ina kipenyo cha milimita 42 na hatua ya hesi (umbali kati ya jino na jino) ya milimita 1. Ilianza kuonekana kwenye Contax S mwaka 1949, kisha ikasambaa kwa watengenezaji wengi, ndiyo maana lenzi zake zipo tele. Lakini kuna kitako kingine cha milimita 42 kiitwacho T2, kinachotumika sana kwenye darubini na baadhi ya lenzi ndefu, na hatua yake ni 0.75. Viwili hivi vinaonekana pacha. Ukikizungusha kimoja ndani ya kingine kitaingia mzunguko mmoja hivi halafu kigome. Kikigoma, rudisha nyuma. Ukilazimisha utaharibu hesi za pande zote mbili.

M39 nayo ina mtego wake. Lenzi za kamera za mtindo wa Leica zina kina cha 28.8, lakini kamera za kwanza za Zenit kutoka Umoja wa Kisovieti zilitumia hesi ya milimita 39 zikiwa na kina kinachozidi milimita 45. Lenzi mbili zinazofanana kitako zinahitaji adapta tofauti kwa zaidi ya sentimita moja na nusu. Jina la lenzi pekee lisikutoshe, uliza imetoka kwenye kamera gani.

Hatua ya tatu: ikague kabla ya kuifunga

Fungua tundu hadi mwisho, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili kwa mshazari. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi zinazotambaa kama mizizi ya mmea ni kuvu. Ikiwa pembeni tu inaweza kusafishwa na fundi, ikiwa imeshakula kioo alama hazitoki. Utando mweupe ulioenea kioo kizima hupunguza ukali wa rangi kuliko mkwaruzo mmoja mrefu unaoogopesha macho. Kati ya lenzi yenye mkwaruzo na yenye utando, mimi nachukua yenye mkwaruzo.

Zungusha pete ya fokasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Iwe nzito kwa usawa, isikwame mahali na isilegee ghafla. Kisha tazama mabamba ya tundu yakifunga. Mafuta juu yake hufanya lenzi zenye tundu la kujifunga zichelewe, lakini kwa lenzi utakayoifunga kwa mkono hayazuii kazi.

Ukikuta kioo kina rangi ya chai ya rangi, usishtuke. Super-Takumar 50 mm f/1.4, toleo la vioo saba, ni mfano maarufu: kati ya vioo vyake kimo chenye thori, madini yenye mnururisho, na kioo hicho hugeuka njano kadiri miaka inavyopita. Kukianika kwenye taa ya urujuanimno kwa siku kadhaa hurudisha weupe. Kuipigia picha kwa kawaida hakuna shida, ila usiifungue ukasaga au kukwangua kioo chake.

Hatua ya nne: chagua adapta inayojua kufunga tundu

Hapa watu wengi hukwama. Lenzi imekaa, picha inaonekana, lakini ukizungusha pete kutoka f/2 hadi f/16 hakuna kinachobadilika. Sababu ni kwamba lenzi nyingi za zamani zilibaki wazi hadi kamera izifunge yenyewe wakati wa kupiga, kwa kusukuma pini au kiwenzo kwenye kitako. Kamera yako ya leo haina mkono huo, kwa hiyo adapta lazima ifanye kazi hiyo.

Kwa M42, tazama kitako: ukiona pini ndogo inayoingia ndani ukiibonyeza, nunua adapta yenye ukingo wa ndani unaoikandamiza muda wote. Baadhi ya lenzi zina swichi ya A na M. Ukiiweka M, pini haina kazi na adapta yoyote itafaa. Helios 44-2, ile ya milimita 58 f/2 iliyofuata muundo wa Biotar wa Carl Zeiss Jena, haina pini kabisa. Ina pete mbili: moja unapanga kikomo, nyingine unafungua na kufunga kwa uhuru hadi kikomo hicho. Ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Toleo la 44M-4 lina pini lakini halina swichi, kwa hiyo bila ukingo wa kukandamiza utabaki f/2 daima.

Adapta za Canon FD huwa na pete yao wenyewe ya kushika kiwenzo cha lenzi. Funga lenzi pete ikiwa upande wa kufungua, kisha izungushe upande wa kufunga, ndipo pete ya tundu itatii. Hakikisha pia pete ya tundu ya lenzi haiko kwenye A.

Mwenye DSLR (kamera ya dijitali yenye kioo cha kupinduka) ya Canon ya fremu kamili, yaani yenye kihisi cha ukubwa wa fremu ya filamu, awe na tahadhari ya ziada. Baadhi ya lenzi hutoa kioo chao cha nyuma mbali kiasi cha kugongwa na kioo cha kamera kinapopinduka, hasa fokasi ikiwa ∞. Jaribu kwanza ukitazama kwa skrini, kioo kikiwa kimeshainuka.

Hatua ya tano: kuifunga

Funga adapta kwenye lenzi kwanza, ukiwa juu ya kitambaa safi, kisha vyote viwili kwenye kamera. Kwa njia hii chembe za chuma zinazotoka kwenye adapta mpya huangukia kitambaani na si kwenye kihisi. Adapta mpya mimi huipuliza na kuifuta kabla ya lolote.

Kwa lenzi ya hesi, iweke juu ya adapta bila kuikandamiza na uizungushe kinyumenyume polepole. Utasikia mlio mdogo, tak, na lenzi itashuka unywele mmoja. Hapo mwanzo wa hesi mbili umekutana. Sasa zungusha mbele kwa vidole viwili tu, itateleza yenyewe hadi mwisho. Kaza kwa nguvu ya kufunga chupa ya maji, isizidi.

Mara nyingi utakuta lenzi imekaza lakini alama zake za namba zimegeukia pembeni au chini. Tazama ubavu wa adapta: kuna skrubu tatu ndogo zisizo na kichwa. Zilegeze nusu mzunguko kwa bisibisi ndogo, pete ya ndani ya hesi itakuwa huru. Zungusha lenzi hadi alama iwe juu katikati, kaza skrubu moja moja kwa zamu, usimalize moja kabla ya nyingine. Adapta isiyo na skrubu hizo haiwezi kurekebishwa, na kwangu hilo ni sababu ya kutosha kutoinunua.

Hatua ya sita: ipime kwenye ∞

Nenda mahali unapoona mbali: mnara, ukingo wa mlima, au nyota usiku. Tundu wazi kabisa, kuza taswira kwenye skrini, zungusha pete taratibu. Kitu kikikolea kabla kidogo ya alama ya ∞, adapta ni nyembamba kuliko kipimo. Watengenezaji wengi hufanya hivyo kwa makusudi ili ∞ ipatikane kwa vyovyote. Ukifika mwisho wa pete na bado hakijakolea, adapta ni nene.

Rudi kwenye ile hesabu. Adapta ikiwa nyembamba kwa milimita 0.1, lenzi ya 50 itapata ∞ ukiwa umeielekeza kwenye alama ya mita 25. Ya milimita 28 itaipata kwenye mita 8 hivi, na hapo namba za umbali kwenye pete hazina maana tena. Unaweza kugeuza hesabu pia: soma mita ambayo mnara umekolea, na utajua adapta imepungua kiasi gani.

Adapta nyingi zina vipande viwili vilivyoshikwa kwa skrubu nne au zaidi. Zifungue, weka pete nyembamba ya kujazia kati yake, funga tena. Karatasi ya alumini ya jikoni ina unene wa kama milimita 0.016, kwa hiyo tabaka sita zinakaribia 0.1. Zikate zienee duara zima. Ukiweka upande mmoja tu utainamisha lenzi, na kona moja ya picha itakuwa kali wakati nyingine imefifia. Baada ya kujazia pima tena kwa kalipa ya vania sehemu nne za mzunguko. Adapta nene usiisage kwa msasa mkononi, hutapata usawa. Irudishe.

Ukiwa umeifungua, chungulia ndani. Kama kuta zinang'aa, mwanga wa pembeni utagonga pale na kutawanyika juu ya kihisi, picha itatoka kama imepakwa maziwa. Nilibandika kipande cha mahameli nyeusi yenye gundi kuzunguka ukuta wa ndani wa adapta yangu ya M42, na picha za kupiga dhidi ya dirisha zikapata weusi ambao nilidhani lenzi ile haina. Hakikisha tu kitambaa hakiachii nyuzi na hakigusi pini.

Hatua ya saba: mipangilio ya kamera

Kamera haioni lenzi yoyote, kwa hiyo nyingi zitakataa kupiga hadi uingie kwenye menyu na kuruhusu shata ifanye kazi bila lenzi. Ukifanya hivyo, tumia hali ya A: unachagua tundu kwa pete, kamera inachagua kasi ya shata. Baadhi ya DSLR za Nikon za daraja la chini hazipimi mwanga kabisa na lenzi isiyo na mawasiliano ya umeme, hapo tumia M, unapopanga vyote mwenyewe, na ukague picha.

Kama kamera ina utulivu ndani ya kihisi, yaani mfumo wa kuzuia mtikisiko, iandikie urefu wa fokasi wa lenzi kila unapobadilisha. Andika namba iliyochongwa kwenye lenzi, 58 ni 58, hata kama kihisi chako ni cha APS-C na mwonekano unafanana na 87. Ukisahau na kamera ikadhani ni 135, itasahihisha kupita kiasi na picha zitatikisika zaidi ya ambavyo zingetikisika utulivu ukiwa umezimwa.

Hatua ya nane: kufokasi kwa mkono

Kamera nyingi zisizo na kioo zinaweza kuchora rangi kwenye kingo zilizokolea. Itumie kukaribia, usiitegemee kumaliza, kwa sababu kwenye f/1.4 rangi hufunika pua na jicho kwa pamoja. Kuza taswira kwenye jicho, zungusha pete hadi ipite kilele, kisha rudi. Kope ndizo kipimo changu. Zikitengana moja moja, napiga.

Kwenye tundu pana, fokasi ukiwa tayari kwenye tundu utakalopigia, maana baadhi ya lenzi zenye tundu kubwa husogeza fokasi zinapofungwa. Kwenye f/8 taswira huweza kuwa na chembechembe, basi fokasi ukiwa wazi kisha funga. Kina cha ukali, yaani eneo la mbele na nyuma linaloonekana kali, kitakusitiri. Kwenye DSLR dirisha la kutazamia litakuwa giza ukifunga hivyo, na hapo ile Helios ya pete mbili inaonyesha thamani yake: unazungusha hadi kikomo bila kutoa jicho.

Lenzi nzito, kama ya milimita 200 ya chuma, ishike yenyewe na si kamera, na kwenye tripodi funga kola ya lenzi au ya adapta. Na kwa kuwa faili la picha halitaandika tundu ulilotumia, mimi hupiga fremu moja ya vidole kabla ya kila mfululizo: viwili kwa f/2, vinne kwa f/4.